Habari ya Kidonda

Wadogo zangu muliobaki ofisini, mumeniaga kwa keki na kitenge, na kabla sijafika mulangoni mukanipa kazi tena: niandike namna tulivyofanya miaka ile. Bure, bila shaka. Nimekubali kwa sababu kitenge kilikuwa kamili. Nilikipima nyumbani mara mbili. Mambo ya mishahara na vyeo nitayaruka. Aliyelipa anajua alilipa ngapi, na aliyepokea alikwisha kula.

Kazi hii niliianzia kwenye geti la hospitali, hapa Nchelenge, na beseni la chisense mbele yangu, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaouzwa wakavu. Nilikuwa nimevuka zamani kutoka upande wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, na watoto wawili na lugha tatu, na lugha ndizo zilizotulisha. Kwa Wazambia niliuza kwa Kibemba, kwa watu wetu kwa Kiswahili, na Kifaransa nilikiweka kwa kugombana na watu wenye karatasi.

Asubuhi moja Daktari Mumba, munganga wa kupasua, alikuja na daftari akakaa karibu yangu. Alikuwa anamuuliza muvuvi mumoja muzee aliyepasuliwa mushipa, yaani ngiri, ile inayoshuka chini ya tumbo kwa wanaume wanaovuta nyavu.

"Tata, kupasuliwa kulikugharimu pesa ngapi?"

"Bure."

Daktari akaandika sifuri. Mimi nikacheka, na sikucheka kwa adabu.

"Mama, unacheka nini?"

"Nacheka ile sifuri yako, Daktari. Huyu tata alikuya na mutumbwi wa nani? Bibi yake anamupikia hapa inje ya wadi, makala ya moto anatoa wapi? Na wiki mbili haingie mu ziwa, nani iko anakamata samaki yake?"

Muzee akanigeukia mimi, akamuacha Daktari. "Mutumbwi ni ya shemeji. Nilimupatia beseni mbili."

"Unaona?" nikasema. "Sifuri imezaa beseni mbili, na hatuyafika ku makala."

Daktari aliniuliza jina. Nikamwambia sokoni wananiita Mama Bei. Juma lililofuata nilipewa kalamu, baiskeli yenye breki moja, na mufuko wa karatasi za kuandikia majibu. Sisi tuliosoma Kifaransa karatasi ile tunaiita fishi. Siku yangu ya kwanza mulinzi wa geti, Mubemba aliyesoma Kiingereza, aliniuliza nimebeba nini. Nikasema fishi, mufuko muzima. Akafungua, akaingiza pua, akaniangalia kama mutu aliyeibiwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa na maswali mawili. Kupasuliwa mushipa kunagharimu nini kwa kweli, kwa hospitali na kwa mugonjwa? Na je, kuna usalama? Daktari alishika la pili, mimi nikashika la kwanza. Kila mumoja alikuwa na fishi zake na kabati lake.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Daktari. Alikuwa ba Chanda, nesi wa chumba cha kupasulia, mwanaume mufupi mwenye sauti ya chini. Ile "ba" ni heshima ya Kibemba. Hata ukimukasirikia mutu, unamuachia ba yake. Niliwekwa pembeni ya chumba chake kuhesabu glavu na nyuzi zilizotumika, ili tujue bei. Yeye alikuwa anahesabu kompresi, vile vipande vya kitambaa vya kunyonya damu. Anahesabu kabla ya kisu, anahesabu tena kabla ya kushona, kwa sauti, na mutu wa pili anajibu. Siku moja Daktari alikwisha kushika sindano ya kufunga, ba Chanda akasimama.

"Ba Dokota, kumi na tisa si makumi mawili."

"Angalia tena ndani ya ndoo."

"Nimeangalia. Hatufungi."

Tulipiga magoti wote watatu chini ya meza. Kompresi ya makumi mawili ilikuwa imeganda chini ya kiatu cha Daktari mwenyewe. Hakuna aliyecheka mpaka mugonjwa alipotolewa. Kisha tulicheka, Daktari akiwa wa mwisho.

Ba Chanda ndiye aliyenifundisha pia sheria ya kalamu. Ukikosea kwenye fishi, usifute. Piga mustari mumoja juu ya neno, lile la kwanza lisomeke bado. Andika la kweli pembeni, tia sahihi na tarehe. Nilimwambia sokoni hatuna sheria hiyo, sokoni kosa tunalifuta kwa mate. Akasema, "Ndiyo maana sokoni munagombana."

Na mimi nilimufundisha moja. Usimuulize mutu alilipa ngapi. Atasema kidogo akiona haya, atasema mingi akidhani utamurudishia. Wewe taja bei ya kijinga. "Kutoka Puta mpaka hapa walikubeba kwa mafungu mawili ya nyanya, ehe?" Mutu atakasirika. "Nyanya? Nyanya gani! Nililipa hivi na hivi, na dereva aliniacha njia panda!" Hasira haina muda wa kupanga uongo. Andika haraka, halafu umupe pole, kwa sababu kweli alionewa.

Sasa nije kwenye wavu. Munganga akirudisha mushipa ndani, anaweka kipande kidogo cha wavu chini ya ngozi, kushikilia, usishuke tena. Wavu unaotoka kwenye maduka ya hospitali una bei iliyonifanya nikae chini. Daktari alikuwa na wavu mwingine, wa uzi wa jamaa moja na chandarua, uliokatwa na kuoshwa na kupitishwa kwenye mvuke wa mashine mpaka uwe safi kabisa. Bei yake ilikuwa ndogo sana. Kama ungekuwa salama sawa na ule wa bei kubwa, watu wengi waliongoja miaka wangepasuliwa. Kila mugonjwa alielezwa, aliyekubali aliweka alama, na bahasha iliyofungwa ndiyo iliyochagua atapata wavu gani. Yeye hakujua, nami sikujua.

Wavuvi walifurahi sana na jambo hili.

"Mama Bei, wavu ya matundu madogo serikali inakataza. Bakinikamata nayo mu tumbo?"

"Mwambie ofisa akuye na kisu, aitoe mwenyewe."

"Na samaki ikiingia?"

"Tugawane."

Siku ya thelathini baada ya kisu, kila mugonjwa alipaswa kuulizwa kuhusu kidonda. Usalama ulikuwa wa Daktari, lakini lugha zilikuwa zangu, basi simu akanipa mimi. Mafuta ya gari hayakutosha kufika kila kijiji, na inite za kupigia simu nazo zilikuwa chache. Swali la Kiswahili nililitafsiri mwenyewe, na nilijivuna nalo: maneno matatu tu. Habari ya kidonda?

"Muzuri, Mama."

Asante, kata simu, andika muzuri kwenye daftari, mwingine. Inite moja ilinitosha watu wawili, siku nyingine watatu, kama rezo, yaani mtandao, ilikuwa nzuri. Mwisho wa mwezi nilihesabu majibu mara mbili. Muzuri, muzuri, muzuri. Daktari aliyaangalia akasema hata hospitali kubwa hazipati vidonda safi namna hii, akaanza kuandika ripoti yake.

Hapo nilipaswa kuamka. Sokoni, mutu akiniambia samaki wake wote ni wa leo, ninafunua wale wa chini. Sikufunua.

Jumamosi moja nilikwenda Kabuta kutafuta samaki wa harusi ya binamu. Kwenye muchanga, juu ya mutumbwi uliopinduliwa, nilimuona tata Ilunga, muvuvi wa kwetu, aliyevuka kama mimi. Alikuwa amejifunga kitenge cha bibi yake kiunoni. Nzi kuwa Kabuta si ajabu. Lakini wale waliwaacha samaki wakamufuata yeye.

"Tata Ilunga, habari?"

"Muzuri, Mama Bei."

"Habari ya nyumba?"

"Muzuri."

"Na kidonda?"

"Muzuri. Inatoa tu mafina."

Mafina ni usaha. Nikaweka kikapu chini.

"Tangu lini?"

"Sasa wiki mbili."

"Siku ya ine, juzi tu, nilikupigia simu! Ulisema muzuri!"

"Uliniuliza habari," akasema, bila hasira. "Nani anayibu habari na mubaya? Niliyibu, njo pale nilitaka kusema ile ingine, nikasikia tu-tu-tu. Ulishakata."

Nilikuwa nimekata kweli. Naandika hapa musome polepole, kwa sababu mutu wa lugha nyingine hawezi kukosea hivi. Inahitaji mutu wetu. Hata kwenye kilio, ukimuuliza mwenye matanga habari, anakujibu muzuri kwanza, kisha ndipo anakuambia ni nani aliyekufa. Ile muzuri ni ya kukufungulia mulango. Mimi nilikuwa napiga hodi, nasikia "karibu", naandika kama nimeingia, na narudi nyumbani.

Bibi yake wa ndoa, Mama Kalenga, alitoka nyuma ya nyumba na mikono ya majivu. "Mama, umupeleke. Mi nilisema, anakataa. Joto inamushika mpaka anatetemeka, siku tatu haguse hata tonge ya bukari. Huyu mwanaume atanifia hapa mu muchanga."

"Tata, kwa nini hutaki?"

Akasema kwa sauti ndogo. "Munganga alinisaidia. Nikirudia kule na kidonda ya kunuka, batasema wavu yake ni mubaya. Batafunga ile kazi. Mudogo yangu eko mu liste, anangoya. Batu bote ba hapa babakie na mishipa sababu ya miye?"

Alikuwa amehesabu vizuri kuliko mimi. Ila mwenye kuhesabu alikuwa anaungua. Niliweka mukono kwenye shingo yake nikautoa. Basi nikafanya ninachojua. Nilikaa kando yake kwenye mutumbwi.

"Bon. Unataka nini ili twende?"

"Kule mu karatasi ibakie muzuri."

"Haiwezekani."

"Basi na miye nabakia."

Daftari la majibu lilikuwa ndani ya kikapu. Ofisi sikuiamini, nilitembea nalo. Nikalifungua kwenye mustari wake, nikatoa kalamu.

"Angalia. Hapa neno yako. Napiga mustari moja juu. Unaweza kusoma bado?"

Akainama. "Mu-zu-ri."

"Njo sheria yetu, hatufute. Itabakia pale hata tukikufa wote wawili. Pembeni naandika: mafina, joto, wiki mbili."

"Na mukubwa wa Lusaka akisoma, ataona muzuri?"

"Ataona."

"Njo neno ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Alifikiri kidogo, akamuangalia bibi yake, akanipa mukono nimuinue. "Bon. Tuende."

Dereva wa gari la samaki alinitajia bei. Kwa mara ya kwanza maishani nililipa ile ya kwanza.

Ba Chanda alikifungua kidonda, na kilichotoka sitakieleza. Daktari alisafisha, akatoa kipande cha wavu, akaacha mushono wazi. Siku tatu joto halikushuka. Mama Kalenga alikaa nje ya wadi na sufuria ambayo hakupika ndani yake kitu, nami nilikaa naye, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho yangu. Siku ya nne Ilunga aliomba bukari. Akaikuta ya jana, akalalamika. Nikaenda ofisini.

"Wengine ni wangapi?" Daktari aliuliza.

"Sijui."

"Mama, ulihesabu mara mbili."

"Nilihesabu majibu mara mbili. Swali niliuliza mara moja, na lilikuwa salamu."

Ripoti yake ilikuwa mezani, karibu nusu. Angeweza kuituma. Mimi na yeye tu tungejua, na ba Chanda, ambaye hasemi. Daktari alizichukua zile kurasa, akazipindua upande mweupe juu, akaanza kuandika majina ya vijiji.

Vile vijiji tulivimaliza kwa baiskeli na kwa magari ya samaki, Kafutuma kwanza, Puta mwisho kwa sababu ni mbali. Wanaume walikuwa wanaona haya kunionyesha mimi mahali pale, basi ba Chanda aliwapeleka nyuma ya nyumba, akaangalia kwa macho na kubonyeza kwa kidole. Mimi nilibaki mbele na wanawake nikiuliza bei. Habari ya kidonda hatukuiacha, kwa sababu huwezi kuingia kwa mutu bila salamu. Ila baada ya muzuri tulijifunza kunyamaza. Hesabu pumzi tano. Usikohoe, usiangalie saa. Kwenye pumzi ya tatu au ya nne mutu anasema, "Ila tu..." Hiyo ila ndiyo fishi yako. Mengine ni adabu.

Vidonda vilivyooza vilikuwepo. Bahasha zilipofunguliwa tukaona vimegawanyika kwa nyavu zote mbili. Ule wa bei ndogo haukuwa na kosa zaidi ya ule wa bei kubwa. Daktari alipumua. Lakini mimi jambo lilinisumbua, na musiseme ni akili, ilikuwa ni kukosa nafasi: meza ilikuwa ndogo, nikaweka fishi zangu za gharama juu ya fishi zake za usalama, kitu ambacho hatukuwahi kufanya, kwa sababu za kwangu zilikaa kwenye kabati langu na za kwake kwenye kabati lake. Nilikuwa nimemuuliza kila mutu: ulikaa siku ngapi bila kuingia ziwani? Walioniambia siku chache, wale niliowasifu kwamba hawakupoteza sana, ndio waliokuwa na mafina. Niliangalia tena. Ilunga alikuwa amerudi majini siku ya tisa kusukuma mutumbwi, maji mpaka kiunoni, kwa sababu mwenye mutumbwi alisema atampa nafasi yake mutu mwingine.

Nilimuita Daktari. Nikamuonyesha kidole kimoja hapa, kimoja pale.

"Mama Bei," alisema, "tulikuwa tunauliza swali moja kwenye makabati mawili."

Ndipo ba Chanda, ambaye alikuwa anakunja glavu kwenye kona, akauliza kwa nini tunawapasua wavuvi wakati wa kuvua. Kila mwaka kuna miezi serikali inafunga ziwa ili samaki wazae, na wanaume wote wanakaa nchi kavu wakishona nyavu na kugombana na bibi zao. Tuwapasue wakati ule. Daktari akaigeukia kalenda ya ukutani. Alikuwa amesoma miaka mingi, nami nimeuza samaki miaka mingi, na wote wawili ziwa linafungwa mbele ya macho yetu kila mwaka.

Ripoti ilipotoka, watu wa ofisi za mbali walisifu wavu. Sentensi ya kufunga ziwa iliwekwa chini kabisa, kwa maandishi madogo. Haidhuru. Liste ya mushipa leo munaifungua mwezi gani, kama si ule wa kufunga ziwa? Basi.

Ilunga alikuja mwenyewe ofisini, kidonda cha pili kilipotimiza siku zake. Alikuta wageni kutoka Lusaka wamekaa kwenye viti vyote. Hakusalimia mutu.

"Mama Bei, leo hakuna simu," akasema, na alikuwa amekwisha kufungua mukanda.

Mama mumoja wa wageni alianza kusoma kalenda ya ukutani kwa bidii kubwa. Ba Chanda akainama, akabonyeza juu, akabonyeza chini.

"Kimefunga."

"Kesho naweza kuingia mu maji?"

"Wiki tatu."

Ilunga akanigeukia mimi. "Mama Bei. Wiki moja."

"Tatu."

"Moja na nusu. Mwenye mutumbwi eko ananingoya, atatia mutu mwingine."

"Nilishasema naye. Alikubali ine, miye nimekupunguzia moja."

Aliniangalia muda murefu, akitafuta mahali uongo umekaa. Kisha akafunga mukanda. "Tatu," akasema, akawasalimia wageni mumoja mumoja, akatoka.

Mwenye mutumbwi nilikuwa sijasema naye hata neno. Muchana ule ule nilichukua baiskeli ya breki moja nikaenda Kabuta. Nilimukuta anapaka lami kwenye mutumbwi, nikakaa. Yeye alianza kwa siku nne. Nilirudi na wiki tatu, mudomo umekauka, na kikapu hakina samaki hata mumoja.